Hapa Anataga Mtunza Saa

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa. Niandike haraka kabla sijasahau jinsi nilivyopendeza.

Bosi alituita uani saa mbili asubuhi, katikati ya mawe. Sisi ni karakana ya mawe ya makaburi. Watu wanne, kreni moja ya mkono, vumbi la kutosha mji mzima. Bosi ni mama wa makamo anayepandisha miwani kwenye nywele, kisha anaitafuta kila mahali isipokuwa kwenye nywele. Leo alikuwa na hasira ya kupasua itale bila patasi.

Sababu ni jiwe la wiki iliyopita. Familia ilitaka liandikwe Kiingereza, "Sadly Missed". Likatoka "Sadly Missing". Nikajiuliza tofauti ni nini. Kumbe kubwa! La kwanza linasema marehemu anakumbukwa kwa huzuni. La pili linasema ametoweka, hajulikani alipo. Jamaa walisimama makaburini wakaanza kuulizana waliyemzika ni nani. Shemeji mmoja alitaka kufukua ahakikishe.

Yaani mkia mdogo tu mwishoni mwa neno, na maiti amepotea! Nimeshinda nikistaajabu. (Oda ile niliipokea mimi kwa simu. Hakuna aliyeuliza, nami sikutaka kuwachosha.)

Bosi anasema sasa atateua Msahihishaji. Hakuna neno la Kiingereza litakalogusa jiwe kabla Msahihishaji hajalipitisha. Naye atapewa kile chumba cha nyuma. Chumba chenye mlango. Mlango unaofungwa! Mimi nimekaa mapokezi miaka tisa, kisogo barabarani, uso makaburini. Nilinyoosha mkono kabla Bosi hajafunga mdomo. Nikasema Kiingereza ni lugha yangu ya pili, na kuna siku huwa ya kwanza.

Nukta naye akanyoosha. Nukta ni binti anayechora herufi kwa chaki kabla Fundi hajachonga. Tunamwita hivyo kwa sababu hawezi kupita karibu na herufi i bila kukagua nukta yake. Bosi akamuuliza Kiingereza anakijua kiasi gani. Akajibu kwamba anakijua kiasi, na asichokijua hukitafuta. Kukiri upungufu mbele ya mwajiri! Nilimhurumia.

Uamuzi ni Jumamosi. Jiwe la majaribio ni la mtunza saa wa stesheni. Mjane wake anakuja kesho.

Jumanne, 4 Machi

Mjane amekuja. Muuguzi mstaafu. Amenyooka kama sindano, saa kaibana kifuani kwa pini. Nilisimama bila kuambiwa.

Maandishi wameyatuma wanawe wawili walio ng'ambo. Wenyewe hawaji, kazi zimewabana. Mjane kasema hatatia sahihi neno asilolielewa. Mume wake yeye mwenyewe alimwelewa kwa miaka arobaini, kwa hiyo hawezi kumlundikia juu maneno ya watu. Akaivuta karatasi, akaweka kidole kwenye neno la kwanza. Nukta kushoto, mimi kulia. Mashindano!

Akaanza na "late". Neno hilo analifahamu tangu hospitalini, lilikuwa likiandikwa kwenye daftari la zamu mbele ya jina la aliyechelewa. Mume wake alitunza saa zote za stesheni miaka thelathini na moja na hakuchelewa hata dakika.

"Sasa kafa," alisema, "ndiyo mnamwita mchelewaji?"

Nikafikiri kwa kasi ya umeme. Magazetini nimeona mara nyingi: late waziri, late jaji, late profesa. Wote wakubwa! Nikamwambia ni cheo cha heshima, mfano wa Mheshimiwa. Nukta akanitazama. Mjane akauliza kama cheo hicho ni cha wanaume peke yao. Nikasema hasha, hata wanawake hupewa, hasa wenye umri na hadhi kama yake. Aliondoa kidole kwenye neno lile taratibu, kama mtu aliyepewa ua. Pointi yangu!

Akaja kwenye "Here lies". Alikumbuka neno lile kwenye ripoti za shule za mwanawe mkubwa. Lie ni uongo. Kwa hiyo jiwe linatangaza: hapa anadanganya mtunza saa.

"Baba huyu alikuwa na kasoro zake," alisema, "alikoroma, alikuwa mbishi. Lakini mwongo hakuwa."

Nukta akamwambia, "Hata mimi sijui kwa nini neno ni hilo hilo, Mama. Naomba niangalie, nitakujibu."

Anaomba aangalie! Mimi nilisema palepale kwamba ni kosa la tahajia la wanawe, na kwamba sahihi ni "lays". Sauti yangu ilikuwa nzito, hata mimi niliiamini.

Neno la tatu lilikuwa "survived by". Muuguzi alilijua vizuri mno: kunusurika. Kwamba mume alikuwa ajali, naye mke na watoto ni manusura? Hapo nilipatwa na kikohozi. Kikaendelea mpaka akaondoka.

Nimebaki nikiduwaa. Lugha gani hii, ambamo kuchelewa na cheo ni neno moja, kulala na kudanganya ni neno moja, na ndoa ni kama gari lililopinduka? Nayo inatembea duniani kote kwa kujiamini! Naiheshimu. Ina tabia kama zangu.

Jumatano, 5 Machi

Nukta alikwenda maktaba ya mtaa kuangalia. Nafasi ndiyo hiyo! Nikachukua rula na chaki yake nikachora mstari wa kwanza mwenyewe, nikianzia ukingo wa kushoto: HERE LAYS. Bosi akatia sahihi kwenye fomu bila kusoma, maana alikuwa anatafuta miwani.

Nikampelekea Fundi. Fundi wetu ni mzee mwenye kope nyeupe kwa vumbi. Amechonga Kiingereza miaka arobaini na hajui hata neno moja. Kwake herufi ni maumbo. O anaipenda, S anaiogopa bado, A anaiita ngazi. Nilimuuliza kama hajawahi kutamani kujua maana. Akasema maana ni ya wenye marehemu, yeye shughuli yake ni ukingo usimeguke.

Kisha akaniuliza swali. Alisema amelibeba tangu ujana na hajampata wa kumuuliza. Akapitisha kidole kwenye E ya mwisho ya HERE. Amesikia watu wakilisoma neno hilo, na hiyo E haitamki mtu.

"Kama haisomwi," alisema, "kwa nini naichonga?"

Miaka arobaini ya nyundo! Maelfu ya E zisizosomwa, kila moja na jasho lake! Nikamwambia ni E ya heshima. Akaitikia kwa kichwa, ila nilimwona hakushiba.

Saa kumi na moja nikaenda kwa Dada. Lazima nieleze. Dada yangu mkubwa ni mwalimu wa Kiingereza, kastaafu. Sikukanyaga kwake miaka sita, tangu harusi yangu. Siku ile nilihutubia kwa Kiingereza. Nilitaka kuahidi kwamba nitamwangalia mama mkwe wangu maisha yake yote. Nikasema nita-"overlook". Dada akasimama meza kuu, mbele ya ukoo mzima, akaeleza kwamba nimeahidi kumpuuza. Mama mkwe hajanisamehe. Mimi sijamsamehe Dada. Lakini "survived" ilikuwa inanichoma, nami kesho lazima nimshinde Nukta.

Nilimkuta kwenye chumba chake kilekile, na kamusi ileile isiyo na jalada, na kuku watatu wanaoingia na kutoka kama wanafunzi wasio na adabu. Hakuuliza nilikuwa wapi. Akanisogezea kigoda. Nikasema kuna rafiki yangu mmoja ana maswali ya Kiingereza. Akauliza kama rafiki huyo ana masikio kama yangu.

Nikaanza mbali, nionekane mtaalamu. Nikamwambia rafiki yangu amesharekebisha "Here lies" ikawa "Here lays". Dada akafumba macho.

Akaeleza polepole. Lie ni kulala mwenyewe. Lay ni kulaza kitu, na hicho kitu lazima kitajwe. Ukisema lays ukanyamaza, msikilizaji anabaki anangoja. Kuku mmoja akapita mbele yetu.

"Huyu lays," Dada alisema. "Anataga nini?"

Nikasema yai.

"She lays an egg. Sasa, mdogo wangu, mtunza saa wako anataga nini?"

Nilihisi kigoda kinazama. Na hakuishia hapo! Akasema ukiondoa S, ukaandika "Here lay", unapata lie ya wakati uliopita. Yaani hapa alilala, ila sasa ameshaamka kaenda zake.

Herufi moja ya S imesimama kati ya kutaga na kufufuka! Nilisahau hata kuuliza "survived". Na Fundi huanza kazi alfajiri kabla ya jua kali.

Alhamisi, 6 Machi

Nilikimbia. Nilifika kifua kinawaka. Fundi alikuwa ameinama juu ya jiwe, analipulizia vumbi taratibu kama anayepoza uji wa mtoto. HERE LA. Ngazi yake imekamilika, kingo zake kali kama zimekatwa kwenye siagi. Patasi imeshawekwa pa Y.

Nikapiga kelele kwamba jiwe lina ufa. Fundi akaligonga kwa kifundo cha kidole, akalaza sikio, akasikiliza muda mrefu. Akasema halina ufa, linaimba. Nikasema ufa wa Kiingereza hausikiki. Nikalitupia turubai, nikamwagiza aende akanywe chai. Huyo akaenda, anatikisa kichwa.

Mpango: kumshawishi Bosi kwamba limeibwa. Lina uzito wa ng'ombe wawili. Mpango mwingine: kulipindua na kuchonga upande wa pili. Nikajaribu kulipindua. Mgongo ukalia. Nikakaa chini nikaitazama ile LA chini ya turubai. Karatasi ina kifutio. Mdomo una samahani. Jiwe halina kitu, linangoja tu. Nimeshika simu ya mapokezi miaka tisa, na leo ndiyo mara ya kwanza nimeogopa herufi.

Saa nne mjane akaja kulitazama jiwe. Nikasema limepumzishwa. Nikampa maji. Akakaa mbele ya meza yangu, mgongo haujagusa kiti. Simu ikalia.

Ni mwanawe mkubwa, kutoka ng'ambo. Sauti imevimba kwa kilio. Akaniomba tuongeze jina jingine kwenye jiwe. Nikachukua kalamu. Nikauliza jina la nani. Akasema, la mama.

Nikamtazama mama. Alikuwa anakunywa maji.

Nikamuuliza kijana ana hakika. Akasema ujumbe waliupata juzi jioni, kwenye simu ya mama mwenyewe, kwamba jiwe la baba linawekwa Jumamosi, na chini yake kwa Kiingereza: "From your late mother". Tangu hapo simu ya mama haipatikani. Wakajua jirani ndiye aliyewatumia maneno yake ya mwisho.

Late waziri. Late jaji. Late profesa. Wote wakubwa, ndiyo. Na wote wamekufa!

Nilitaka kumtuliza. Nikasema asihangaike, mama yuko hapa hapa kwetu, karakanani. Akapiga yowe. Nikasema hapana, hapana, yuko vizuri kabisa, tumemkalisha kwenye kiti. Yowe la pili. Nikasikia nyuma yake mdogo wake analia, na tangazo la uwanja wa ndege, abiria wanaitwa mlangoni. Mjane akanyoosha mkono apewe simu. Kabla haijamfikia, ikakatika.

Alinitazama kama anatafuta mshipa wa kuchoma. Ikabidi niseme. Naye akaeleza kwamba simu yake huizima akishatuma ujumbe, kutunza chaji, na ile sahihi ya Kiingereza aliiweka kwa furaha, kwa sababu mtaalamu wa karakana alimthibitishia ni cheo. Tangu Jumanne ameitumia pia kwenye kikundi cha kina mama. Walipokutana naye walimtazama kwa namna fulani, akadhani ni wivu.

Nilingoja kofi. Halikuja. Aliuliza jambo moja tu, kama vijana walikuwa uwanja wa ndege kweli. Nikasema ndiyo, wote wawili. Akafunika kikombe kwa kiganja.

Ijumaa, 7 Machi

Bosi amepata miwani. Amesoma fomu. Ameondoa turubai.

Tulilizunguka jiwe: Bosi, Nukta, Fundi, mjane, na mimi kwa nyuma kidogo. Bosi akaniuliza LA ni mwanzo wa nini. Nikasema swali zuri. Nikajikuta nawaza barabara, nguzo ya lango, mabasi ya kwenda mbali.

Ndipo Dada akaingia langoni, kamusi kwapani imefungwa kwa kamba. Hakuitwa na mtu. Alimwambia Bosi kwamba juzi alimwona mdogo wake akitoka kwake na uso wa siku ya harusi, akajua kuna kitu kinakaribia kuharibika hadharani.

Akawasalimu wote, akainama, akasoma jiwe kwa vidole. Akamsifu Fundi kwa ile A kabla ya kusema lolote lingine. Kisha wakaketi juu ya itale isiyochongwa, yeye na mjane na Nukta, mimi nikashikishwa kamusi.

Kwanza "late". Dada akasema kwenye gazeti linasaidia, kwa sababu msomaji anaweza kudhani mtu yuko hai. Lakini aliye chini ya jiwe, hakuna anayehitaji kuarifiwa. Liondoke. Mjane akasema vizuri, limeshafanya kazi yake.

Halafu "lies". Nukta akasema maktaba imemwonyesha kwamba hayo ni maneno mawili ya asili mbili, yamekutana tu kwenye sura. Dada akafurahi kama aliyeona mvua. Akamgeukia mjane akamuuliza kaa ni nini. Mjane akasema, kaa la moto. Fundi akasema, kaa wa baharini. Bosi akasema, kaa kitako.

"Mbona hatuungui tukikaribishwa kukaa?" Dada akauliza.

Mjane akacheka. Mara ya kwanza! Nami mdomo wazi. Miaka yote nimekaa kwenye kaa bila kujua kwamba nimekaa juu ya ajabu. Nilidhani Kiingereza pekee ndicho chenye vichaa wake. Kumbe na sisi tunao, tumewazoea tu.

Ila tatizo lilibaki jiweni. HERE LA. Lies haiwezekani tena. Bosi akasema jiwe litupwe, jingine litachukua mwezi. Fundi alipangusa tu ile A kwa mkono wa shati. Nukta alikuwa amepiga magoti, chaki mkononi, midomo inacheza. Akaandika herufi mbili: I, kisha D. Akaweka nukta kichwani pa I kwa mazoea, akaifuta.

HERE LAID. Akaendelea: TO REST. Hapa amelazwa apumzike.

Akamwuliza Dada kama inaruhusiwa. Dada akatafakari. Akasema watu wengi wangeanza na "Here is laid", lakini jiwe lina haki ya kubana maneno, na sarufi haijavunjwa. Aliyelala hajilazi mwenyewe, wengine wamemlaza. Mjane akaomba arudie hapo. Dada akarudia: kuna waliomlaza.

"Ni mimi," mjane akasema. "Mimi ndiye niliyemlaza. Hiyo iandikwe."

Kosa langu mwenyewe, nililolichora kwa chaki ya wizi, limegeuzwa kwa herufi mbili likawa zuri kuliko sahihi!

Fundi naye akaona leo ndiyo leo. Akamuuliza Dada habari za E isiyosomwa. (Hakuniangalia, lakini masikio yangu yaliungua.) Dada akachukua chaki akaandika HERE juu ya turubai, akaziba E ya mwisho kwa kiganja. Akasema bila hii neno linakuwa HER, yule mwanamke. Pakishaondoka E, "hapa" panapotea.

"Haisemi, Fundi. Lakini inawafanya wenzake waseme."

Fundi aliketi chini vumbini. Alivua kofia. Miaka arobaini! Baadaye nilimwona anazungukia mawe yaliyopangwa ukutani, jiwe hadi jiwe, anagusa E za mwisho moja moja kama anayepeana mikono na watu aliowadharau.

Mwisho "survived by". Dada akasema ni kweli maana yake kunusurika, lakini asili yake ni kuishi kupita mwingine, kubaki unaishi baada yake. Kama mjane hapendi, litolewe. Mjane akatazama saa yake kifuani. Akasema kwa sauti ndogo kwamba kuna asubuhi, baada ya mazishi, aliamka akakuta saa zote tisa za nyumbani zimesimama kwa sababu hakuna aliyezitia ufunguo, akajua akirudi kitandani hatainuka. Akazitia ufunguo moja baada ya moja. Ikachukua hadi adhuhuri.

"Liacheni," alisema. "Nimenusurika kweli."

Bosi alivua miwani, na kwa mara ya kwanza alijua ameiweka wapi.

Saa tisa wanawe wakaingia, suti nyeusi, macho mekundu, wamebeba shada la maua lenye jina la mama yao. Walimkuta ameshika ncha ya tepu, anampimia Fundi urefu wa mstari. Mkubwa alikaa chini palepale. Mdogo alimwendea akamgusa shavu kwa kidole kimoja, kama anagusa rangi mbichi. Mjane akawaambia wamekonda. Kisha akawakumbatia wote pamoja na shada lao, akaanza kulia, wakalia wote, na mimi nililia, na Nukta alinipa kitambaa chake chenye chaki.

Jumamosi, 8 Machi

Jiwe limesimama. Nililitazama kwa mbali, kisha karibu, kisha kwa mbali tena. Jua lilipoingia kwenye herufi nilielewa kwa nini Fundi hulinda kingo: kivuli ndicho kinachosomwa. Mjane alisoma mstari kwa mstari kwa sauti yake mwenyewe, Kiingereza chote, hakumwomba mtu msaada. Wanawe walimshika mikono huku na huku, wasimwachie. Watakaa mwezi mzima.

Bosi akatangaza. Chumba chenye mlango ni cha Nukta. Dada alipendekeza hivyo, akasema anayesema "sijui" kwa wakati ndiye wa kuaminiwa na patasi. Nukta akaingia chumbani, akatazama, akautoa mlango kwenye bawaba zake. Anasema unamzuia kusikia wateja. Mlango! Ule mlango wangu! Umeegeshwa ukutani kama jiwe lisilo na mwenyewe.

Mimi nabaki mapokezi. Bosi alitaka kunifukuza, mjane akaniombea. Alisema barua tano nzuri hazikuwaleta wanawe, ila neno langu moja baya liliwaleta. Nimelitafakari hilo sana.

Jumapili, 9 Machi

Chakula cha mchana kwa Dada. Tumesameheana kuhusu harusi, au yeye amenisamehe, sikufuatilia. Amenipa zoezi: nisimame mbele ya kioo niseme "sijui" mara kumi.

Nimejaribu jioni hii. Nilifika "si". Ulimi ukakataa. Mke wangu akauliza nafanya nini. Nikamwambia najua ninachofanya.

Jumatatu, 10 Machi

Asubuhi tulivu. Fundi anachonga E huku anapiga mbinja. Nukta anaulizwa maswali kutwa: kama "dear" ni mpendwa au ni ghali, kama "whom" bado ipo duniani. Anajibu nusu, nusu anaangalia. Watu wamepanga foleni! Sielewi.

Nilikuwa nimeamua kabisa kunyamaza. Naapa. Kisha saa tano akaingia bwana mmoja mwenye kofia ya gharama, kimya, mpole, mama yake amefariki. Nukta alikuwa ametoka kwenda maktaba. Bwana akasema Kiingereza hataki, wanacho watu wote. Anataka jiwe la Kilatini. Akauliza kwa unyonge kama hapa kwetu yupo anayekijua.

Nikatazama uani. Bosi anatafuta miwani. Fundi kainama. Hakuna mtu.

Nikasimama, nikafunga kifungo cha koti, nikamkaribisha kiti. Nikamwambia amefika penyewe. Kilatini nimekulia ndani yake. Atuachie jina la mama tu, maneno atayakuta tayari Ijumaa.

Amenishika mkono kwa mikono yote miwili. Nimeshaanza kuchora. Kitakuwa kigumu kiasi gani? Jana nilichungulia kwenye kamusi ya Dada, ukurasa wa mwisho, nikakiona. Herufi ni zilezile!